Siku Saba Bila Chumvi

Jumapili ile supu haikuwa na chumvi.

Lilikuwa jambo dogo, dogo kiasi kwamba mtoa dawa aliona haya kulitaja. Alifika nyumbani kwa mama yake mara mbili tu kwa wiki, Jumapili na Alhamisi; siku nyingine alilala katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, ambako alishinda nyuma ya dirisha la nondo akiwagawia wagonjwa wa akili vidonge vyao. Mama alikuwa amepika miaka arobaini bila kuonja, na mkono wake haukuwahi kukosea. Sasa supu ilikuwa kama maji yaliyooshewa nyama.

“Mama, leo umesahau chumvi?”

 Mama aliinamisha kichwa upande wa jikoni, kama mtu anayesubiri ruhusa, kisha akasema, “Nimetia.”

“Ametia wapi?” akadakia mdogo wake wa kiume, akichota kijiko kingine. “Dada, supu hii imeokoka. Haina dhambi hata moja, wala ladha.”

Wakacheka wawili. Mama hakucheka. Na katika kile kicheko mtoa dawa alisikia kijiko cha mdogo wake kikigonga ukingo wa bakuli, mfululizo, kama meno ya mtu mwenye baridi.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mabango. Aliandika majina ya maduka kwa brashi, herufi nene zenye kivuli, bila rula. Miaka sita nyuma maradhi ya kupanda na kushuka yalimchukua. Alipopanda alipaka rangi kuta za watu bila kuombwa wala kulala, akitangaza kwamba ametumwa kuipa mitaa yote majina mapya. Aliposhuka aligeukia ukuta akakaa hivyo majuma mengi, kama yule mwenye haki aliyeketi majivuni, ila yeye hakupata hata marafiki wa kuja kumlaumu.

Dada yake alizijua dawa zote zilizojaribiwa juu ya mwili ule, kwa maana zilikuwa nyuma ya mgongo wake kila siku, rafu kwa rafu. Zilikuwapo dawa za kuzima sauti na hofu zisizo na mwenyewe. Zilimtuliza mtu, lakini nyingine zilimkaza shingo na taya hadi aongezewe kidonge cha kumlegeza, na nyingine zilimtia njaa isiyoshiba mpaka nguo zikamkataa. Zilikuwapo dawa za huzuni, zinazokausha kinywa leo na kuleta nafuu baada ya wiki tatu au nne, na ambazo mtu wa kupanda na kushuka akipewa peke yake zaweza kumrusha hadi juu ya paa. Ndivyo zilivyomfanya fundi mwaka wa kwanza. Zilikuwapo za wasiwasi na usingizi, tamu kwa siku chache, kisha humng'ang'ania mtu na kukataa kuachwa ghafla. Hakuna hata moja isiyodai kitu. Mtoa dawa aliwaambia wagonjwa hivyo waziwazi, kwa kuwa kumficha mtu gharama ya kupona kwake aliuhesabu kuwa uongo mbele za Mungu.

Rafu ya mwisho ilikuwa ya vituliza hali: dawa za kifafa zinazofanya kazi mbili, na lithiamu. Ni lithiamu iliyomrudisha mdogo wake duniani. Ilimtia kiu, ilimpeleka msalani mara kwa mara, ikamwachia mtetemo mwembamba wa vidole ambao aliushinda kwa kuegemeza mkono juu ya fimbo akiandika. Kila baada ya miezi mitatu alipimwa damu, maana kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua njia ni nyembamba, nao wanaoipita hawana budi kuangalia miguu yao.

Jumapili ile mtetemo haukuwa mwembamba.

“Unameza vidonge vingapi?”

“Vilevile, dada.”

“Maji unakunywa?”

“Kama ngamia.”

“Hukununua dawa ya maumivu dukani? Hujaharisha? Hutapiki?”

“Kichefuchefu kidogo. Supu ya wokovu hiyo.”

Orodha yake ya maswali ilikuwa na swali jingine, nalo lilihusu chumvi. Mwili ukiikosa, lithiamu hukataa kutoka na hupanda damuni. Alilitamka kila siku dirishani kwa watu asiowajua. Hapa hakulitamka. Chungu kilikuwa cha mama yake, naye mama amesema ametia.

Alipokuwa akifunga viatu mlangoni alisikia kutoka jikoni mgongo wa nyundo ukigonga ngozi, mara mbili, kisha kimya, kisha mara mbili. Ikaja na harufu ya gundi ya viatu. Baba yao alikuwa fundi viatu. Alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita.

“Jirani anagonga nini Jumapili?” aliuliza.

“Nenda, mwanangu,” mama akasema. “Utachelewa.”

*

Alhamisi alifika saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali juu ya mabati. Alimkuta mdogo wake uani, amesimama mbele ya bango la duka la vitambaa. Herufi mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa imepinda, ya nne ilikuwa imeanguka, na kutoka hapo rangi nyekundu ilikwenda ovyo hadi ukingoni kama nyayo za mlevi.

“Mdogo wangu?”

Akageuka. Alijaribu kutembea, na mguu wa kushoto haukujua wa kulia uko wapi. Matapishi yalikuwa yamekauka kifuani. “Da... da,” alisema, ulimi ukiwa mzito kama umefungiwa jiwe. “Baba ka... kataa nisi... nile.”

Akamshika kabla hajaanguka. Mikono yake haikuwa ikitetemeka tena. Ilikuwa ikirukaruka, yote miwili, kuanzia begani. Hapo mtoa dawa aliyajua maradhi kwa jina lake. Lithiamu ilikuwa imejaa damuni. Alimlaza kivulini kwa ubavu, akakimbilia jikoni kumwita mama, akasimama mlangoni.

Ndani mtu alikuwa akizungumza.

“Umesema siku saba,” ilikuwa sauti ya mama, ya kunong'ona, ya mtu aliyelia mpaka kamasi zikamkauka. “Leo ni ya saba. Mtazame mwanangu! Hawezi hata kushika kikombe. Umesema utamwachia.”

“Bado kidogo, mama watoto.”

Ilikuwa sauti ya baba yake, na mkwaruzo wake wa kohozi, na jinsi alivyovuta neno la mwisho alipokuwa na misumari midogo midomoni. Na mtoa dawa, aliyeushika mkono wa baba huyo hadi ukapoa, aliyeiosha miguu yake kwa mikono hii hii, alijikuta anataka, kwa nusu ya pumzi, kufungua mlango na kusema shikamoo.

Alifungua. Harufu ya gundi ilimjia usoni, na chini ya gundi ilikuwapo harufu nyingine, ya ngozi inayoungua polepole pasipo moshi. Mama alikuwa ameketi juu ya kigoda akiutazama ukuta. Hapakuwa na mtu mwingine. Lakini ukuta ule wa zamani, ambao kila masika ulitoa unga mweupe wa chumvi juu ya lipu, ulikuwa umelowa kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu mrefu, na ule unga ulikuwa umeondoka, na ndani ya ule unyevu zilionekana alama za ulimi, pana kuliko za ng'ombe, zikipanda moja juu ya nyingine. Na chini, mbele ya miguu ya mama, lilikuwapo kopo la chumvi la familia, limelambwa mpaka bati likang'aa.

“Mama,” alisema, naye hakuitambua sauti yake, “umefanya nini?”

“Usipige kelele, atasikia.”

“Nani?”

“Wewe mwenyewe uliniambia dawa yake ni aina ya chumvi. Hukuniambia? Ulikaa pale ukasema, mama, lithiamu ni chumvi ya jiwe. Sasa baba yenu alipokuja, mchana, nikimenya viazi, akaniambia: mtoto ameshiba chumvi kutoka kwenye dawa, ndiyo maana anatetemeka, mpunguzie ya chunguni siku saba mkono utatulia. Nikaona ni kweli. Nikasema, baba wa watu hata kaburini anawawaza watoto wake.” Machozi yalikuwa yakimtiririka. “Akasema mgao wa mtoto nisiumwage, nimwekee yeye hapa chini. Nikawa ninamwekea.”

Tusimhukumu upesi mama huyu. Amelala miaka sita nje ya mlango wa mwanawe akisikiliza kama anapumua. Lakini tusimpunguzie kosa pia: alijua wafu hawarudi kudai chumvi, alijua imekatazwa kuwauliza waliokufa habari za walio hai, naye aliuliza kwa sababu jibu lilikuwa na sauti aliyoipenda. Adui hahitaji kuvaa pembe. Huvaa kilichotutoka.

 Mtoa dawa alimvuta mama kwa mkono, wakatoka, na nyuma yao jikoni nyundo ikagonga mara mbili, bila haraka.

*

Fundi wa matairi wa nyuma ya nyumba aliwapakia kwenye gari lake la mizigo. Walipofika chumba cha dharura mgonjwa hakuwa akijibu jina lake. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya zamu ndefu, alichukua damu, akasubiri, akarudi na karatasi.

“Imepita mara mbili ya kiasi kinachoruhusiwa. Lithiamu inasimama sasa hivi. Tunamwekea dripu ya maji ya chumvi, taratibu, tukiangalia moyo na figo. Isiposhuka tutamsafisha damu kwa mashine.”

“Atapona?” mama akauliza.

“Mama, nitafanya yote ninayoyajua.”

Wakamweka chumba cha pembeni chenye dirisha moja. Daktari akaenda kuleta mashine ya moyo. Tone la kwanza lilipoingia mshipani, mgonjwa alifungua macho, na hayakuwa macho yake.

“Mama watoto,” alisema, ulimi mwepesi kabisa, “mwambie binti yako achomoe sindano.”

Mama aliweka viganja masikioni akateleza ukutani hadi chini.

“Chumvi hii ya ndani ya damu inaniunguza. Mnamchoma baba yenu. Chomoeni, nami nitawarudishia huyu, mkono wake ukiwa umetulia kama zamani, asihitaji kidonge tena, asitetemeke tena, wala asidaiwe kitu na mtu. Hayo siyo mliyoyaomba? Miaka sita mnapiga magoti, nani mwingine aliyekuja?”

Mlango ukasukumwa kwa kitako. Aliyeingia ni dobi wa hospitali, mwanamke mfupi aliyebeba furushi la mashuka, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Shuka, na ambaye alizoea kumwombea mgonjwa huku akimvuta shuka chini yake. Alinusa hewa. Akaweka furushi chini.

“Nani amekualika humu?” alimuuliza yule aliyekuwa akisema.

“Mwanamke huyu.”

“Haya, amekosa, atatubu. Wewe mpangaji huna hata aibu, unakaa kwa mtoto wa watu bila kualikwa naye.” Akageukia mama pale sakafuni, na sauti yake ikawa kali. “Simama! Ulipolilisha hilo pepo ulikuwa na nguvu. Simama sasa umshike mwanao miguu. Na wewe binti, hiyo sindano ikitoka tumempoteza. Mimi nitaomba, wewe kazi yako ni mkono ule.”

Akaanza kuomba, kwa sauti ya chini, ya mtu anayefua, maneno yakipigwa na kukamuliwa na kupigwa tena. Akamwita Yule aliyeziambia bahari mwisho wenu ni hapa, Yule aliyemtuma nabii wake akayaponya maji mabaya ya mji kwa chumvi iliyotiwa katika chombo kipya. Mgonjwa alijikunja kitandani. Mkono wenye dripu ulinyanyuka, na mtoa dawa akaulalia kwa kifua chake, na chini yake ule mkono ukawa na nguvu za watu watatu na moto wa pasi. Nayo harufu ya ngozi inayoungua ikajaa chumba hata mwanga wa dirishani ukaonekana kama unapita ndani ya mafuta, na nyundo ikawa inagonga, si ukutani sasa bali ndani ya kifua cha mdogo wake, mara mbili, kimya, mara mbili, na kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Na katika kimya kimoja kirefu kupita vyote, akidhani moyo umekwisha kusimama, mtoa dawa alikata tamaa, na mtu akikata tamaa huongea.

Akaliambia lile pepo. Alisema karibu na sikio la mdogo wake, bila kupumua, kwa ile sauti ya upole na ya uhakika ambayo kwayo aliwatuliza watu elfu dirishani. “Humpati. Unanisikia? Huyu humpati, wala mwingine. Najua kila dawa na inachodai. Najua ipi inakaza shingo, ipi inaleta njaa, ipi haiachwi ghafla. Mimi ndiye ninayewaambia. Wakisikia mimi nimesema meza, wanameza. Nikisema subiri wiki nne, wanasubiri. Hawasikilizi mtu mwingine, wananisikiliza mimi. Hutampata hata mmoja.”

Yule aliyekuwa ndani hakujibu. Alikuwa amenyamaza tangu neno la kwanza, kichwa kimeinamishwa kidogo upande wake, kwa utulivu na makini.

Kisha mgonjwa akapiga ukelele mmoja uliotikisa kioo, akalegea. Harufu ikakatika. Mashine ya moyo, ambayo daktari alikuwa akiivuta kuingia mlangoni, ilipounganishwa iliandika mapigo hafifu, yaliyo sawa. Jasho lilianza kumtoka fundi usoni, kwenye shingo, kila mahali, nayo macho yalipofunguka safari hii yalimtafuta dada yake.

“Dada,” alisema kwa shida, “mbona umenilalia? Unanivunja.”

Mama aliiangukia miguu yake. Mama Shuka alikusanya furushi lake.

“Ameondoka?” mtoa dawa aliuliza.

“Kwa huyu ameondoka.” Dobi alimtazama kitambo, kama mtu aliyeona doa akawa hana hakika nalo. “Ulikuwa unalieleza nini muda wote ule, mwanangu?”

*

Damu ilishuka siku baada ya siku, wala mashine ya kusafisha haikuhitajika. Fundi alirudi nyumbani akitembea. Daktari alimbadilishia, akampa mojawapo ya zile dawa za kifafa, na nywele zikaanza kupungua kidogo utosini. “Bora kipara kuliko kaburi,” alisema, akaenda kulimalizia bango la duka la vitambaa. Mama alitubu mbele za Mungu na mbele ya wanawe, akasamehewa. Akasugua ukuta wa jikoni, akaupaka rangi upya. Nyundo haikusikika tena, nao wakaanza kulala.

Wiki ya nne, Jumatatu asubuhi, mtoa dawa alifungua dirisha lake. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyemfahamu, mwanawe wa kiume akisikia sauti tangu mwaka juzi na akiendelea vizuri kwa vidonge. Yule mama hakuingiza kadi. Aliingiza pakiti nzima, haijafunguliwa.

“Nimezirudisha, dada, kama ulivyosema. Ila hali yake si nzuri. Tangu juzi anaongea na dari. Nikasema nije nikuulize, bado siku ngapi?”

“Kama nilivyosema nani?”

“Wewe.” Yule mama alitabasamu, akidhani ni mzaha. “Si ulipita kwangu? Mchana, ninapika. Ulisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ukasema nisifungue, una haraka. Ukanieleza vizuri sana, nikaelewa yote, ipi inakaza shingo, ipi inaleta njaa. Ukasema mwili wake umejaa, apumzike siku saba.”

“Mama, mimi sikufika kwako. Sijui hata unakaa wapi.”

Tabasamu likafifia. “Lakini ilikuwa sauti yako, dada. Sauti yako naijua hata usingizini.”

Mtoa dawa aliinua macho kupitia nondo. Foleni ilikuwa imejaa ukumbi, imetoka mlangoni, imezunguka hadi uani; wazee, wake walioshika waume zao mikono, dada walioleta kaka zao. Wachache walikuwa na kadi. Waliobaki, mmoja baada ya mwingine hadi macho yake yalipofikia mwisho, walikuwa wameshika pakiti zilizofungwa.

Akasimama. Akafungua kinywa kuwaambia wasisikilize, wasimwamini, si yeye. Na akaona jinsi nyuso zote zilivyoinuka kwa pamoja, kwa utulivu, kwa imani, kuisikiliza sauti ileile.